Jina Nililomwandikisha Mtoto, Kisha Nikalisahau

Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu. Mvua tangu misa ya kwanza.

Daftari yangu, wiki nzima sikukufungua. Niliogopa kuandika jambo hili halafu mume wangu, baba Ilunga, alione. Leo yeye yuko kiwandani, zamu ya asubuhi, atarudi saa tisa. Mama yake amelala chumbani baada ya chakula. Watoto wamejazana kwa jirani. Mimi niko jikoni, mvua inapiga bati, na ninaandika haraka, basi mwandiko ukienda kama njia ya milimani unisamehe.

Nianze na ukweli.

Nilisahau jina la mtoto wangu.

Si jina la nyumbani. Nyumbani ni Kiki, na kanisani alibatizwa Kristina, hilo hata nikiwa na homa kali nitalisema. Nazungumzia jina jipya, la asili, ambalo serikali inataka kila mtu awe nalo kwa sababu majina ya Kizungu yamekatazwa. Mwaka huu nchi nzima imebadilisha majina. Mume wangu aliyekuwa Polo sasa ni Banza. Mkubwa wetu Alberi sasa ni Ilunga, na mimi niliyekuwa mama Alberi miaka kumi na miwili nimekuwa mama Ilunga. Watu wakiniita hivyo njiani, ninageuka nyuma kumtafuta huyo mama Ilunga.

Mwezi uliopita baba Ilunga alinituma biro, ofisi ya serikali, kuwaandikisha watoto, maana yeye hawezi kuacha kazi. Alinipa majina manne. Alberi awe Ilunga. Wa pili Monga, wa tatu Ngoie. Na Kiki, wa mwisho, apewe Numbi, jina la mama yake mzazi. Hilo alinirudilia mara tatu nikiwa tayari mlangoni. "Numbi. Usisahau. Mama anangojea." Kwa ukoo wake, mtoto akichukua jina lako anakuwa majina yako, yaani somo wako. Mnapeana zawadi, mnaheshimiana, ni kama mtu mmoja anayekaa nyumba mbili.

Nikaenda, nikarudi, nikasema, "Tayari, yote manne." Akafurahi, akatuma habari Kambove kwa mama yake.

Karatasi zenyewe zilikuwa hazijatoka, karani alisema tungoje. Na tangu siku ile ninayarudia majina yale kichwani. Watatu wa kwanza nawakumbuka, nilivyotaja na karani alivyoandika. Kwa wa nne nakumbuka mdomo wangu ukifunguka na jina likitoka, na jina lile halikuwa Numbi. Lilikuwa nini? Nikitafuta, ni kama kutia mkono mfukoni na kukuta tundu.

Nikajiambia, labda ninakosea. Labda nilisema Numbi. Mtu mwenye hofu hujidanganya kwa utamu. Nikakaa hivyo wiki tatu, ninapika, ninafua, ninatabasamu.

Halafu Jumanne mtu wa Kambove akapita na salamu. Mama mkwe anakuja Jumamosi kumwona majina yake. Amemshonea nguo.

Siku hiyo nilitia chumvi kwenye chai.

Aliyegundua ni mdogo wangu Melani. Anakaa kwetu, anasomea ualimu kwa masista, na kesho Jumatatu ana mtihani. Alinikuta nimekaa juu ya gunia la makaa, ninalia kimya kimya. Nilipomweleza hakushangaa wala hakucheka. Alikwenda kuleta daftari lake, akaniinulia vidole vinne, na macho yake yaling'aa, nikajua nimeingia mahali pabaya.

"Yaya, dada yangu, usilie. Iko sababu ine za kusahau. Tulizisoma. Mutihani wangu njo huo."

"Minye sitaki sababu ine. Nataka jina moja."

"Tukipata sababu, tutapata jina."

Mimi shule niliacha mapema. Kuandika vizuri nilijifunzia kwenye foyer, pale wake wa wafanyakazi wanapofundishwa kushona. Kwa hiyo mtu mwenye daftari la Kifaransa ananitisha kidogo, hata kama mtu huyo nilimbeba mgongoni. Nikakubali.

Sababu ya kwanza, alisoma, ni kwamba kila jambo linaacha alama ndani ya kichwa, na alama isiporudiliwa inafifia siku kwa siku, mwisho inafutika. Nikafikiri. Nikamwambia, "Nilipokuwa mutoto, mbuzi ya mujomba ilikula sketi yangu. Ilikuwa nyeupe, na doa jeusi hapa ku jicho ya kushoto. Sijawahi kumurudilia muntu. Sasa juu ya nini ile mbuzi haifutike, na jina ya mwezi uliopita ifutike?"

Melani akachukua kalamu. Halafu akaandika pembeni ya daftari: mbuzi.

Alisema profesa wao hata yeye haiamini sana hiyo ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini basi anawafundisha. Akafungua ukurasa wa pili.

Ya pili nilielewa mara moja. Mambo yanayofanana yanagombania mahali pamoja, jipya linasukuma la zamani, la zamani linaziba jipya, kama wanawake kwenye bomba moja asubuhi. Akauliza kama siku ile niliyasikia majina mengine. Mungu wangu. Njia nzima nilikuwa ninaimba, Ilunga, Monga, Ngoie, Numbi. Nilipofika nikakuta mstari mrefu wa wanawake, na kila mmoja anaimba ya kwake, midomo yote inatembea kama tunasali rozari ishirini za namna mbalimbali. Mama aliyekuwa mbele yangu alikuwa na watoto saba, na alikuwa anasema kwa sauti.

"Saba," Melani akasema, na furaha yake ilikuwa ya mtu aliyepikiwa kuku. "Yaya, weye uko mufano muzuri sana."

Sikujua kama nimshukuru.

Lakini kujua kwamba majina yaligombana hakukunipa jina. Ndipo akaja na ya tatu. Kulingana na hiyo, hakuna kilichopotea. Jina lipo, ila mlango wake umefungwa, na ufunguo ni hali ile ile uliyokuwa nayo siku ile. Mahali pale, nguo zile, njaa ile. Mtu akirudi katika hali ile, jina linatoka lenyewe.

Basi Jumatano sikunywa chai, kwa sababu siku ile niliondoka bila kunywa. Nikavaa kitenge kile cha ndege, nikafunga kilemba kile. Nikamfunga Kiki mgongoni, ana miaka mitatu na uzito wa ndoo ya maji, kwa sababu siku ile nilimbeba. Melani akaweka meza mbele ya kabati, akajitia kalamu sikioni, akawa karani. Nikasimama upande wa mlango, nikaimba majina. Melani akapiga meza na kuniita sitwayeni, mwananchi, kama biro wanavyotuita sote sasa.

"Wa mwisho, sitwayeni. Haraka."

Hakuna kitu.

"Siku ile mutoto alikuwa analia?"

"Hapana. Alikojoa."

Melani akatazama daftari, akamtazama Kiki, na nikaona anavyofikiri. Nikamwambia hapana. Akasema ni kwa ajili ya ukweli wa jaribio. Nikamwambia ukweli wa jaribio utafua yeye.

Wakati tunabishana, jirani yetu mama Feza akaingiza kichwa dirishani.

"Mama Ilunga, munafanya nini?"

"Tunasoma."

"Na huyu mutoto munamufunga mugongoni na iko mukubwa hivi?"

"Na yeye anasoma."

Akatutazama muda, akaondoka. Nafikiri tayari mtaa mzima unajua kwamba elimu imeingia nyumbani kwetu vibaya.

Tulirudia mara nne. Mara ya nne kitu kilikuja kweli, kwa nguvu, mpaka nikashika ukuta. Nilikumbuka kwamba siku ile niliacha maharage motoni. Yaliungua, tena nikamsingizia Ngoie. Maskini mtoto. Nikamwita kutoka uani nikamwomba msamaha, naye hakukumbuka hata kidogo. Melani akaandika na hilo.

Alhamisi nikaenda biro yenyewe. Ya kweli, peke yangu na Kiki. Njia nzima nikijiuliza nitasema nini. Mama mzima anaingia ofisini anauliza, nisaidie, mtoto wangu anaitwa nani? Wataniweka mahali wanapowekwa watu wa namna hiyo.

Karani alikuwa yule yule, kijana mwenye mashavu makubwa na ukali wa mtu aliyepewa muhuri juzi.

"Sitwayeni, unataka nini?"

"Nataka kuona kama ile ya mwisho iliandikwa muzuri."

"Minye ninaandika muzuri siku zote."

"Najua, sitwayeni. Ni mume wangu anauliza."

Mume ni kitu cha faida kwenye biro hata kama hayupo. Akafungua kitabu kikubwa, kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama. "Kabedi."

Nikasema, "Eh?"

"Kabedi. Ni weye ulitaja. Minye sikubuni jina ya muntu."

Kabedi. Sina Kabedi. Kwetu hakuna Kabedi, kwa baba Ilunga hakuna Kabedi, hata mbuzi ya mjomba haikuitwa Kabedi. Nikageuka nikalitazama benchi la ukutani, pale tulipongojea siku ile, na yote yakarudi kwa mara moja, kama mtu amefungua bomba. Yule mama wa watoto saba. Alipofika kwa wa mwisho alisema "Kabedi," kwa sauti nzuri, na karani, ambaye asubuhi nzima alikuwa hajamtabasamia mtu, alitabasamu. Akamwambia, "Hilo ni jina. Hilo njo jina ya kwetu kabisa." Halafu nikaja mimi. Ilunga akaandika. Monga akaandika. Kwa Ngoie akanikemea kwa sababu nilisema polepole. Kiki akakojoa mgongoni, maji ya moto yakashuka mpaka kwenye kiuno, na karani akasema, "Wa mwisho?" Nikataka sana, sana, atabasamu.

Nikasema Kabedi.

Na alitabasamu, daftari yangu. Hiyo nayo nimeikumbuka.

Nikamwuliza kama inawezekana kubadilisha. Inawezekana, akasema, baba wa mtoto aje mwenyewe atie saini. Nikamshukuru. Nilitembea mpaka nyumbani nimembeba Kabedi mgongoni, na yeye anakula muwa, hajui kitu.

Melani alifurahi mno. Sababu ya pili ilikuwa kweli, ya tatu ilikuwa kweli, anaweza kuandika kurasa mbili nzima. Lakini nikaona anaficha ukurasa kwa mkono. Nikamwambia, "Ulisema sababu ni ine." Akasema ya nne haina maana. Nikamwambia asome.

Akasoma kwa sauti ndogo. Wako watu wenye elimu wanaosema kwamba mengine tunayasahau kwa sababu moyo hautaki kuyakumbuka. Moyo unayaficha, tena unamficha mwenyewe.

"Unasema nini?"

"Si minye, yaya. Ni daftari."

"Minye ninamupenda mama mukwe yangu."

"Sikusema kitu."

"Alisema bukari niliyosonga iko na madonge, mbele ya watu wa matanga, lakini ninamupenda. Alipanga upya vyungu vyangu vyote nikiwa nimetoka kuzaa, mpaka leo mufuniko wa kile kikubwa sijauona, lakini ninamupenda. Andika hivyo."

Hakuandika. Sikumpa sukari ya chai jioni ile.

Jumamosi mama mkwe akashuka kutoka kwenye lori la Kambove, na mvua, na kifurushi chake hakikulowa kwa sababu alikikumbatia ndani ya kitenge. Ndani mlikuwa na gauni la maua mekundu alilolishona kwa mkono. Akakaa, akampakata Kiki, akamwambia, "Majina yangu, umeamka namna gani?" Kiki akamwambia yeye ni Kiki. Baba Ilunga akacheka kwa furaha mpaka nikatoka nje. Chakula changu cha jioni niliwagawia watoto.

Leo baba Ilunga alipokwenda kazini, na misa ikaisha, tukabaki wawili hapa jikoni tunasafisha samaki wa ziwa Tshangalele. Mvua ilikuwa kubwa, mtu wa nje hawezi kusikia. Nikaona kama sisemi sasa, karatasi itakuja kusema yenyewe, na karatasi haina heshima. Nikaweka kisu chini.

"Mama, nilifanya kosa ku biro."

Nikamweleza yote. Mstari, yule mama wa saba, mkojo, karani, tabasamu. Hata ya tabasamu nilisema. Nililia kidogo kwenye samaki. Yeye aliendelea kuparua magamba, hakuinua kichwa, na mimi nikahesabu moyoni nguo zangu za kurudi nazo kwetu.

Nilipomaliza akauliza, "Kabedi ni nani?"

"Sijui, mama. Ni wa watu."

"Alikufa ao iko muzima?"

"Sijui."

Akasafisha samaki mzima mwingine. Halafu akasema, polepole kabisa, "Aksanti."

Nikafikiri sikusikia vizuri kwa sababu ya bati.

"Tangu Banza aniletee ile habari, minye sikukaa muzuri," akasema. "Ni yeye alitaka. Minye ningesema nini? Muntu anakuletea heshima, unapokea. Lakini nilikuwa nawaza. Sasa jina yangu ikigombezwa huku Likasi kila siku, minye kule Kambove nitakuwa nasikia mugongo unawasha. Numbi, umekojoa. Numbi, toa mukono mu sukari. Numbi, kichwa ngumu, kila siku ninakuambia. Na majirani banasikia. Na weye, mama Ilunga, ukilala umechoka, unalala muzuri."

"Mama, minye siwezi kufanya vile."

"Unaweza."

"Siwezi, haki ya Mungu."

"Minye nilifanya." Akapangusa kisu kwenye kitambaa. "Ule mutoto wangu wa pili, dada ya Banza. Nilimupa jina ya mama mukwe yangu. Nilimugombeza miaka kumi. Asubuhi, midi, magaribi. Mutoto alikuwa mutulivu, hakuwa na kosa. Sijawahi kukaa muzuri mu ndoa kama ile miaka."

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Nilimtazama, naye hakuniangalia, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na magamba ya samaki yalikuwa yanaruka. Ndipo nikacheka mpaka nikaketi chini. Na nilipokuwa pale chini nilisikia kitu kidogo kinalegea ndani, mahali nisipopajua.

Kwa sababu ile ya nne ni kweli, daftari yangu. Haiwezi kuwa kwa wote, lakini kwangu ni kweli. Asubuhi ile mlangoni, baba Ilunga aliporudilia Numbi mara tatu, niliona mbele yangu miaka ya kusema jina lile ndani ya nyumba yangu, juu ya vyungu vyangu, na nilisema, "Ndiyo, baba," na sikusikia moyo wangu ukisema hapana. Ulisema chini ya maji. Alama haikufifia. Majina yaligombana, ndiyo, na karani alinitisha, ndiyo. Lakini yale mengine matatu yaligombana vilevile, na hakuna hata moja lililoanguka. Lilianguka lile ambalo nilikuwa nimelishika kwa vidole viwili.

Nimemwambia Melani. Nimempa na sukari yake. Ameniomba ruhusa ya kuandika habari yangu katika mtihani kesho, kwa sababu amenielezea kwamba wataulizwa sababu ipi kati ya zile nne ni nzuri zaidi, na wanafunzi wote wataandika moja. Yeye ataandika kwamba mtu mmoja anaweza kusahau jina moja kwa sababu tatu pamoja, na ile ya kwanza ilishindwa na mbuzi. Nimekubali, mradi aandike "mama mmoja" na asitaje mtaa. Ila nimemwomba aseme pia kwamba mama huyo anampenda mama mkwe wake. Hilo halikuwa uongo hata nilipolipigia kelele. Kumbe mtu anaweza kumpenda mtu na asitake jina lake lizunguke jikoni kutwa.

Kuanzia kesho nitamwita Kabedi. Nitaanza kwa kumwita kula, si kwa kumgombeza, ili sikio lake lizoee vizuri. Na gauni la maua mekundu ni lake, mama mkwe amesema nguo haijui kusoma.

Bado iko moja. Mchana wote nimekuwa ninajiuliza nitaanzaje kwa baba Ilunga, nikae wapi, nishike nini mikononi. Sasa hivi nimesikia baiskeli yake inaegemezwa ukutani. Nimesimama, kalamu mkononi. Lakini mama mkwe ameamka, amepita hapa jikoni akijifunga kitenge, amenisukuma begani nirudi kwenye kiti, amekwenda kumpokea yeye mwenyewe mlangoni.

Ninamsikia. Anamwambia, "Banza, mwanangu, vua viatu ukae chini. Iko kitu nilisahau kukuambia."